Chuo cha Zimamoto Hakiuzi Fomu

Dada yangu alikuwa amechutama mchangani pale Katonga, Kigoma, akigeuza dagaa, akaninyooshea simu bila kuinuka. "Kaka, hebu nisomee huu ujumbe vizuri. Miwani nimeiacha nyumbani, na mpwa wako anasema mwisho ni leo saa kumi."

Ujumbe ulikuwa mrefu. Juu kulikuwa na nembo ya taifa, kisha "Hongera", kisha jina la chuo cha zimamoto ambacho sijawahi kukisikia, kisha orodha: fomu, sare, vipimo vya afya, bima. Jumla shilingi laki moja na themanini. Chini kabisa ilikuwepo namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, na maelekezo kwamba ukishalipa utume picha ya muamala.

Fedha hiyo dada alikuwa nayo, imefungwa kwenye pindo la khanga. Ilikuwa sehemu ya mauzo ya dagaa aliomkabidhi mfanyabiashara wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, asubuhi ile.

Haikutumwa. Lakini mpwa wangu Rajabu, aliyekuwa amesimama pembeni na ndoo mkononi, aliuliza swali ambalo limenikaa kichwani wiki hizi zote.

"Mjomba, kama hiki siyo chuo, basi chuo chenyewe kiko wapi?"

## Simu inavyojibu

Sote tumeshapokea "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaufuta ujumbe, tunaendelea na shughuli. Huu wa kina Rajabu una nguvu kwa sababu nyingine: unamkuta mtu anayetafuta mlango wa kweli, na mlango wa kweli hauonekani. Tapeli anachora mlango wake mahali pale pale ambapo kijana alitegemea kuuona.

Usiku ule tulikaa barazani tukatafuta. Andika swali hilo kwa Kiingereza, kama vijana wengi wanavyofanya, na kinachofunguka ni Marekani: akademi za Texas, za Illinois, za California, ada kwa dola, picha za vijana wamebeba ngazi mbele ya mnara wa mazoezi. Rajabu alisoma kimya kwa muda mrefu. Kisha akaanza kupiga hesabu ya dola kwa shilingi, nikamwomba asubiri kwanza.

Kule hakuna jeshi moja la zimamoto la taifa zima. Mji una idara yake, kaunti ina yake. Kijana anaweza kujilipia mafunzo kwenye chuo cha jamii, akapata vyeti vya mzima moto daraja la kwanza na la pili kwa viwango vya NFPA, shirika la kule la kinga ya moto, akaongeza cheti cha huduma ya dharura ya wagonjwa, halafu akazunguka kuomba kazi idara moja baada ya nyingine. Au idara inamwajiri kwanza, kisha inamfundisha yenyewe. Njia zote mbili zipo. Na hata huko mtu anaweza kugonga mlango usio wake: National Fire Academy iliyoko Emmitsburg, Maryland, ambayo kwa jina lake ungedhani ndiyo lango kuu, haifundishi wanaoanza kabisa. Inawapokea watu walio tayari kwenye huduma.

Uingereza ni tofauti kidogo. Kikosi kinakuajiri, kisha kinakupeleka mafunzoni. Baadhi ya vikosi vimekuwa vikituma watu wake kwenye chuo cha Moreton-in-Marsh, Gloucestershire. Sisi tuko karibu zaidi na utaratibu huu. Tatizo ni kwamba simu ya kijana wa Katonga inamwonyesha Texas kwanza.

Kitu kimoja kutoka Marekani kilimshika Rajabu, na ninakitaja kwa sababu kilinishika na mimi. Idara nyingi za kule hutumia kipimo cha mwili kinachoitwa CPAT. Ni kazi nane mfululizo, ndani ya dakika 10 na sekunde 20, umevaa fulana nzito ya ratili 50, karibu kilo 23. Unapanda ngazi za mashine huku umeongezewa uzito mabegani. Unavuta mpira wa maji, unabeba vifaa, unainua ngazi, unagonga kwa nyundo kama anayevunja mlango, unatambaa gizani kwenye njia nyembamba, unaburuta sanamu la mtu lenye kilo 75, unamalizia kwa kutoboa na kuvuta dari kwa mti mrefu. Kati ya kazi na kazi hairuhusiwi kukimbia.

"Mjomba, hii naiweza," alisema.

Namwamini. Ni kijana anayeshusha mizigo kutoka kwenye boti pale Kibirizi, maji yakiwa kiunoni, na akirudi nyumbani bado anapanda mlima na dumu la lita 20.

## Handeni

Chuo chetu kipo. Kiko Chogo, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga, na ni cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lenyewe, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa mtu wa Kigoma ni safari ya kuikata nchi nzima.

Ila hakiendewi kwa fomu ya kununua.

Jeshi likishapata kibali cha kuajiri linatoa tangazo. Watu wanaomba kupitia mfumo wa jeshi mtandaoni, wanachujwa, wanaitwa kwenye usaili, wanapimwa, majina yanatoka, na ni hao tu waliochaguliwa wanaokwenda depo. Huko wanakuwa makuruta: kwata alfajiri, kisha moto, kamba, ngazi, uokoaji, huduma ya kwanza. Wakihitimu wanaanza chini kabisa, konstebo.

Ajira kwanza, chuo baadaye.

Ningependa maneno hayo manne yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila sekondari ya mkoa huu, chini yake yaandikwe kwamba mwombaji hatozwi hela ya kupewa nafasi. Yangeokoa khanga nyingi zisifunguliwe pindo.

Masharti ya kila tangazo yasomwe kwenye tangazo lenyewe, kwa sababu hubadilika: mara wanahitajika wa kidato cha nne, mara wenye fani kama udereva au ufundi. Yanayojirudia tunayajua: uraia, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule, umri, afya njema, mwili usiochorwa, jina lisilo na kesi ya jinai. Na Zanzibar wana kikosi chao cha Zimamoto na Uokoaji, chenye ajira zake. Nimeona matangazo ya pande hizi mbili yakichanganywa kwenye makundi ya WhatsApp hadi mtu hajui anaomba wapi. Tovuti ya kweli ya serikali inaishia na .go.tz. Ikiishia na kitu kingine, funga.

Wazee watakumbuka kwamba zamani zimamoto ilikuwa ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta jeshi moja. Kwa hiyo yale ya "nenda kaongee na mtu wa manispaa akuingize", ambayo baba zetu bado wanatushauri, yalikuwa na maana enzi hizo. Mwaka 2020 mkoa wetu ulipopata mkuu wa mkoa ambaye alikuwa Kamishna Jenerali wa jeshi hilohilo, Thobias Andengenye, nilisikia watu kijiweni wakisema sasa vijana wa Kigoma wamepata njia. Njia ilibaki ile ile, tangazo, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

## Kati ya tangazo na tangazo

Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipoanza kukua badala ya kupungua.

Nilikuwa na jibu sahihi. Nilimpa Rajabu jibu hilo, akashukuru, akanyamaza. Kisha akauliza: "Sasa tangazo likikaa muda mrefu, mimi nafanya nini?"

Mwanafunzi anayetaka ualimu anajua dirisha la udahili hufunguliwa kila mwaka. Anayetaka ufundi wa magari anakwenda VETA kuulizia. Anayetaka kuzima moto anaambiwa asubiri, na wakati anasubiri umri wake unakwenda, na sharti la umri haliendi naye. Kumwambia kijana mwenye nguvu, mwenye nia, "subiri tangazo" kisha ukaingia ndani kula, ni jibu? Sikuona kwamba ni jibu. Nilijigeuza kitandani na swali hilo.

Sisemi jeshi lifungue chuo cha kulipia ili kila mtu aingie. Nimeshaona vyuo vya kila aina vikizalisha vyeti ambavyo hakuna anayeviajiri. Utaratibu wa kuajiri kwanza una haki ndani yake: mtoto wa mchuuzi wa dagaa na mtoto wa tajiri wanakwenda Chogo bila ada. Ninachosema ni kwamba nia ya kijana haina pa kukaa wakati huo wa kusubiri, na nia isiyo na pa kukaa ndiyo anayoivizia mwenye namba ya simu.

## Kijana wa Bukoba

Vijana wa mwaloni, pale boti na mitumbwi inapotia nanga, wana jina moja wanalolitaja kila mazungumzo haya yakianza. Majaliwa.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 iliangukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Waliofariki ni 19. Wavuvi ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na mmoja wao alikuwa Majaliwa Jackson, kijana mdogo mwenye mtumbwi. Rais Samia aliagiza achukuliwe kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, naye akaenda mafunzoni Chogo.

Kwa vijana wa Kibirizi na Katonga habari ile ilikuwa yao. Mvuvi kama wao, ziwa kama lao, akavalishwa sare.

Nimeitafakari sana. Kwa upande mmoja inanitia hofu, maana njia ile ilifunguliwa na Rais, kwa mtu mmoja, baada ya msiba. Kijana akiishika kama ramani atakaa akisubiri ajali. Kwa upande mwingine, ndani yake kuna kitu nchi nzima ilikikubali mchana kweupe: mahali pengi, mwokoaji wa kwanza si mwenye kofia ngumu. Ni mtu wa pale pale. Tulikubali kwa Majaliwa, tukapiga makofi, kisha hatukuuliza wale wengine waliobaki na mitumbwi yao wamefundishwa nini.

Hilo ndilo lililonigeuza.

Tangu siku Rajabu aliponiuliza kiko wapi chuo, nilikuwa natafuta mahali pa kumpeleka. Nikaanza kuuliza jambo tofauti: mafunzo gani yanaweza kuja mwaloni, kwa Rajabu na kwa wenzake ambao hawatavaa sare kamwe?

## Dakika za mwanzo

Tuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi. Lakini maji yake hayapandi mlima yenyewe, na mji wetu wote ni milima.

Watu hulaumu kwamba gari la zimamoto "limekuja bila maji". Nimewahi kuwasikia wakisema hivyo huku nyumba inaungua, kwa uchungu mkubwa, na uchungu ule naujua. Lakini pigeni hesabu pamoja nami. Gari likiwa na lita 4,000, na mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, maji yale ni ya dakika 10. Ukifungua mipira miwili, dakika 5. Baada ya hapo gari linahitaji kisima cha zimamoto karibu, au liende likajaze. Askari hawakuja bila maji, maji yamekwisha. Na kama simu ilipigwa baada ya watu kuhangaika kwanza na ndoo nusu saa, yalikuwa yanakwenda kumwagwa juu ya nyumba iliyokwisha. Namba ni 114, ni bure, na inapigwa mwanzo.

Kisha kuna vijiji ambavyo gari halifiki. Panda boti Kibirizi uelekee kaskazini, uipite Gombe, ufike Mwamgongo. Nyumba zimebanana chini ya mlima, majiko ya kuni, madumu ya petroli ya injini za boti yamewekwa ndani kwa kuogopa wezi. Moto ukianza pale, kikosi cha zimamoto ni majirani.

Na majirani wanafanya wanachojua, yaani maji. Petroli ikiwaka kwenye boti, vijana wanaichotea maji ya ziwa, na petroli inaelea juu ya maji inazidi kusambaa, moto juu yake. Kilichotakiwa ni mchanga, au poda, au kuufunika moto ukose hewa. Mama anakaanga migebuka kwa mawese, karai linashika moto, anamwagia maji ya kwenye jagi, mafuta yanaruka hadi kwenye paa na usoni mwake. Kilichotakiwa ni kuzima jiko na kufunika karai kwa mfuniko, basi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, sakafuni, kwa hiyo unafungua mlango na madirisha na huwashi taa wala kiberiti. Haya hayahitaji Chogo. Yanahitaji alasiri moja na mtu anayeyajua.

Nchi nyingine zimeamua zamani kwamba jirani anaweza kuwa mzima moto kamili. Chile kikosi cha kwanza kilianzishwa Valparaíso mwaka 1851, na hadi leo wazima moto wa nchi ile ni wa kujitolea. Ujerumani vijiji na miji midogo inalindwa na vikosi vya wenyeji wenye kazi zao nyingine. Hata Marekani, yenye akademi zote zile kwenye simu ya Rajabu, karibu theluthi mbili ya wazima moto ni wa kujitolea. Wana mafunzo, wana vifaa, wana kiongozi, na king'ora kikilia wanaacha duka wanakwenda.

Sisi tuna vikundi vya BMU vinavyolinda uvuvi mwaloni. Tuna skauti. Tuna watu wa Msalaba Mwekundu ambao wamefanya kazi kwenye kambi za wakimbizi za mkoa huu miaka mingi na wanajua huduma ya kwanza kuliko wengi wetu. Ninaamini kabisa kwamba mwalo wa Kibirizi unaweza kuwa na kikundi cha watu ishirini wanaojua kuzima petroli, kumtoa mtu majini na kumpulizia pumzi. Sioni kinachokosekana zaidi ya mtu wa kuwaita pamoja.

## Makaratasi

Nirudi kwa Rajabu, maana nia ya mwalo mzima haimwondolei ndoto yake.

Tulipokaa kukagua anachohitaji tangazo likitoka, miguu na mapafu yake havikuwa na shida. Shida ilikuwa bahasha. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rajabu. Cheti cha kidato cha nne kinasema Rajab. Jina la babu limeandikwa kwa namna moja hapa, kwa namna nyingine kule. Na kitambulisho cha taifa hana bado, kwa sababu sisi watu wa mpakani tunajua maswali yanayotungoja: babu yako alizaliwa wapi, aliyemzaa babu yako je, nani shahidi. Amezungushwa kutoka dawati hadi dawati, na kila dawati linataka karatasi iliyoko kwenye dawati jingine.

Naelewa kwa nini mpaka unachungwa. Lakini kijana huyu kazaliwa Ujiji, mama yake kazaliwa Ujiji, na tangazo likifunguliwa kesho hatakosa nafasi kwa kushindwa kuvuta mpira wa maji. Atakosa kwa herufi moja.

Kwa hiyo kwa mzazi yeyote wa Kigoma ambaye mtoto wake anaota sare yoyote ile, ushauri wangu wa kwanza ni huo. Anzeni na majina. Kiapo cha jina kinachukua muda, uhakiki wa uraia unachukua muda zaidi, na tangazo la ajira linakaa wazi siku chache tu.

La pili ni JKT. Bulombora iko hapa hapa mkoani, na nafasi za kujitolea hutangazwa kupitia wilaya. Siwezi kuahidi kwamba kila tangazo la zimamoto litampa kipaumbele aliyepitia huko. Ila kijana anarudi akiwa na nidhamu na stamina ambazo depo yoyote itazitaka. Leseni ya udereva wa magari makubwa nayo si ya kudharau, maana gari la zimamoto linahitaji dereva. Na kuogelea kwa kufundishwa, si kwa kujua tu. Wavulana wetu wanajua kukaa juu ya maji, lakini kumshika mtu anayezama bila kuzamishwa naye ni ujuzi mwingine.

## Alasiri mwaloni

Tulikwenda kituo cha zimamoto hapa mjini, mimi na Rajabu, bila barua. Afande aliyetupokea alitusikiliza hadi mwisho. Alituambia kuhusu ajira yale yale: subirini tangazo, na akitokea mtu wa kuomba hela mripotini polisi. Lakini tulipomweleza habari za petroli na boti alisogeza kiti. Kutoa elimu kwa wananchi ni sehemu ya kazi yao, alisema, na wao wanapenda zaidi kwenda kabla ya moto kuliko baada yake. Alitaka kikundi, mahali, siku, na mtu wa kumpigia simu.

Mtu huyo sasa ni Rajabu. Amekwishaandika majina ya vijana wa boti, na mzee wa mwalo amekubali uwanja wa kuanikia utumike. Afande alisisitiza akina mama wawepo, kwa sababu majiko na mawese ni yao, na kwa sababu moto mwingi wa nyumbani wao ndio wanaoukuta kwanza.

Dada amesema atakuja na wenzake wote wa kundi la kuanika, mradi iwe baada ya saa tisa, dagaa wakishaokotwa.